Chumvi ya Chausiku

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya miiba ya zizi, Flaviana alikuwa na kazi tatu: kuwasha moto, kumkamua mbuzi wao Madoa, na kumnywesha maziwa mdogo wake Noeli. Mbili za kwanza alizimaliza upesi. Ya tatu ilichukua muda, kwa sababu Noeli alikuwa na miezi kumi na minne tu lakini madaha yake yalikuwa ya mzee wa baraza. Alitaka kwanza aimbiwe, kisha akishike kikombe mwenyewe, kisha ajimwagie kidogo kifuani, ndipo anywe.

Mama yao alifariki siku chache baada ya kumzaa Noeli. Baba yao, Alfonce, alikuwa fundi wa kujenga nyumba huko Nzuguni, Dodoma, na alikuja kuwaona kila baada ya miezi miwili au mitatu. Watoto waliishi na bibi yao, Bibi Scolastika, katika kijiji kimoja cha Wasandawe wilayani Chemba. Bibi alizungumza Kisandawe na mbuzi, na Kiswahili na wajukuu. Ukimuuliza sababu, alijibu kwamba watoto ni wa serikali, lakini mbuzi ni wake.

Madoa alikuwa mbuzi wa mama. Baada ya mazishi, ndugu waliketi kugawana vyombo na nguo za marehemu, naye Bibi akaenda kusimama mlangoni mwa zizi. "Huyu hagawanywi," alisema. "Huyu atamlea mtoto." Na kweli, Madoa alimlea Noeli. Wiki tatu zilizopita alikuwa amezaa tena, usiku wa mvua, kitoto jike cheusi tititi. Flaviana akakiita Chausiku. Kitoto hicho kilimfuata hadi mlangoni mwa jikoni, kikatafuna pindo la sare yake ya shule, na alipokikemea kilimtazama kana kwamba yeye ndiye mwenye makosa.

Jumatano moja, Mwalimu Masudi aliingia darasa la sita akiwa na viazi mviringo viwili na kisu.

"Mwalimu, leo tunapika?" aliuliza Joel, na darasa zima likacheka.

"Leo tutaona kiazi kikinywa maji bila mdomo," alijibu mwalimu.

Alikata kiazi kimoja upande wa chini kisimame vizuri, akamenya ganda la pembeni, akachimba shimo juu na kutia humo kijiko kidogo cha chumvi kavu. Kisha akakiweka kwenye sahani yenye maji. "Kiazi hiki, kama mwili wako, kimejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho," alisema. "Vyumba hivyo huitwa seli. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba, na utando huo hufanya kazi kama chujio. Maji hupita kwa urahisi. Chumvi haipiti ovyo."

Waliendelea na somo. Kipindi kilipokaribia kwisha, mwalimu aliwaita mbele. Lile shimo lililokuwa na chumvi kavu sasa lilijaa maji mpaka ukingoni. Flaviana aliinama karibu sana hata pua yake ikakaribia kugusa kiazi.

"Nani kayapandisha?" aliuliza mwalimu.

"Chumvi!"

"Vizuri. Maji hufuata chumvi. Penye chumvi nyingi, ndipo yanapokwenda." Alikata kiazi cha pili vipande vyembamba, akavitumbukiza kwenye glasi ya maji yenye chumvi kali na kuifunika kwa daftari. Kengele ikagongwa. "Hiyo ilikuwa nusu ya somo. Nusu nyingine mtaiona kesho kwenye glasi hii."

Flaviana alirudi nyumbani akilirudia lile neno njiani: maji hufuata chumvi. Alilipenda kwa sababu lilikuwa fupi na alilielewa lote, au alidhani amelielewa lote.

Alimkuta Bibi amechuchumaa zizini, mkono wake juu ya mgongo wa Chausiku. Miguu ya nyuma ya kitoto ilikuwa imechafuka, na macho yake yalikuwa yameingia ndani.

"Shikamoo, Bibi. Ana nini?"

"Marahaba. Anaharisha tangu ulipoondoka. Maji yote yanamtoka, mjukuu wangu."

Nyumbani kwao chumvi ilikuwa na heshima yake hata kabla ya Mwalimu Masudi. Kila Jumamosi Bibi alimwaga chumvi ya mawe kidogo juu ya jiwe bapa nje ya zizi, na mbuzi wakaja kulamba mpaka jiwe likang'aa. Mbuzi aliyelegea alilambishwa chembe chache kiganjani. Flaviana akaunganisha mambo mawili. Ikiwa maji hufuata chumvi, basi chumvi ikijaa tumboni itayashika maji yasitoke. Na kama chembe chache humsaidia mbuzi mkubwa aliyelegea, nyingi zitamsaidia mdogo anayekufa kwa kuharisha.

Alichukua chupa ya soda ya nusu lita, akatia maji, akatia gao moja la chumvi ya mawe, la kujaza kiganja. Akatazama, akaona ni kidogo, akaongeza gao la pili. Aliitikisa mpaka mkono ukamuuma. Kisha akamfanyia Chausiku kama alivyomwona Bibi akifanya siku za dawa ya minyoo: akamweka katikati ya magoti, akainua kidevu chake, akapitisha mdomo wa chupa pembeni mwa taya na kummiminia polepole. Chausiku alikohoa na kurusha miguu, lakini akameza.

"Hiyo dawa umefundishwa shule?" aliuliza Bibi.

"Ndiyo, Bibi. Maji hufuata chumvi."

Bibi hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Alitikisa kichwa kwa furaha. "Mama yako angekuona," alisema. "Tumepata msomi nyumba hii."

Jioni hiyo Chausiku hakuondoka kwenye beseni la maji. Alikunywa, akaharisha, akarudi kunywa.

Alhamisi ilikuwa zamu ya nyumba yao kuteka maji kwenye kisima cha pampu, hivyo Flaviana hakwenda shule. Aliporudi adhuhuri na ndoo ya pili, Chausiku alikuwa amelala ubavu, shingo imejipinda nyuma, miguu ikipiga hewa kana kwamba anakimbia. Flaviana alitupa ndoo na kumpakata. Miguu ilikimbia kidogo zaidi, kisha ikaacha.

Flaviana alilia kwa sauti, kama alivyolia siku ya mama. Bibi alikuja akamshika bega. "Usilie hivyo, mama. Dawa ulimpa. Ilikuwa nzuri, sisi tulichelewa. Siku yake ilifika."

Tangu mchana huo Madoa alizuia maziwa. Alilizunguka zizi akiita, na kila alipokamuliwa alirusha teke. Noeli alililia kikombe chake, akapewa uji mwembamba wa uwele, akausukuma. Bibi aliwafuga mbuzi miaka mingi, alijua la kufanya. Alimchuna Chausiku, akaitandaza ngozi na kuisugua chumvi ya mawe ili isioze. "Nikishaijaza nyasi," alisema, "Madoa atamnusa mwanawe na kuilamba chumvi, na akilamba ataachia maziwa. Ni kumdanganya, lakini mtoto ale."

Ijumaa asubuhi Flaviana alitumwa kuikung'uta ngozi ile. Alipoiinua, maji yalichuruzika mpaka kwenye vidole vyake vya miguu. Chumvi iliyokuwa kavu jana ilikuwa imelowa chapachapa, na ngozi iliyokuwa laini jana ilikuwa imekakamaa.

"Bibi, mvua ilinyesha?"

"Mvua ya wapi? Hiyo ni chumvi. Inayanyonya maji yaliyomo kwenye ngozi."

Flaviana alibaki ameishika. Maji hufuata chumvi. Lakini maji haya hayakutoka kwenye sahani. Yalitoka ndani ya Chausiku mwenyewe.

Alikwenda shule akikimbia. Glasi ya Mwalimu Masudi ilikuwa bado dirishani. Vipande vya kiazi vilivyokuwa vigumu Jumatano sasa vilining'inia kidoleni mwake alipoviinua, kama kitambaa kilicholowa.

"Hukuwepo jana," alisema mwalimu alipomkuta pale. "Hiyo ndiyo nusu ya pili. Seli za kiazi zilizungukwa na chumvi kali, maji yakatoka ndani yake kuifuata chumvi nje. Seli zikanywea."

"Mwalimu, na mtu... mtu akinywa maji ya chumvi kali?"

"Ni vilevile. Maji ya mwilini yatakimbilia tumboni, naye ataharisha zaidi na kukaukiwa. Chumvi inayoingia kwenye damu nayo itazinyonya seli, hata za ubongo, mpaka apate degedege. Chumvi kidogo sana pamoja na sukari, hiyo ndiyo huusaidia utumbo kuingiza maji. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu, mwalimu."

Hapo ndipo angeweza kusema. Jioni ile pia angeweza, na Jumamosi, na Jumapili. Lakini Bibi alikuwa amekwisha kumsifia kwa majirani wote. Kisimani aliwaambia kwamba mjukuu wake anajua dawa ya kuharisha, ingawa kile kitoto kilikuwa na siku yake. Flaviana alisikia, akainamia ndoo. Alijiambia kwamba Chausiku amekwisha kufa, na kusema hakutamfufua.

Kila asubuhi alikaa mbele ya Madoa na ile ngozi iliyojazwa nyasi, akiipakata kama alivyompakata Chausiku. Madoa aliinusa, akatoa sauti ya chini, akailamba kwa ulimi mkavu kutoka kichwani mpaka mkiani. Upande wa nyuma Bibi alikamua. Maziwa yalitoka kidogo, nusu ya yale ya zamani. Flaviana aligeuza uso pembeni asione ulimi ule ukipita. Aliona aibu mbele ya mbuzi.

Jumatatu aliporudi kutoka shule alimkuta Bibi amekaa kwenye kigoda mlangoni, Noeli magotini. Chini palikuwa na vitambaa vitatu vilivyochafuka. Mkononi mwa Bibi palikuwa na kijiko kikubwa. Kando yake ilisimama ile chupa ya soda, maji yake yamefanya ukungu mweupe.

"Afadhali umefika," alisema Bibi. "Ameanza kuharisha mara tu ulipoondoka. Lakini sikuhangaika, nimemtengenezea ile dawa yako. Magao mawili, kama ulivyofanya. Safari hii hatujachelewa."

Noeli alikuwa na midomo iliyokauka. Alikuwa akilia bila machozi na kunyoosha mkono kuelekea mtungi wa maji. Bibi akajaza kijiko kingine.

"Usimpe!" Flaviana alipiga kelele, akampiga Bibi mkono. Hakuwahi kumgusa mkubwa hivyo maishani mwake. Kijiko kilianguka mchangani. "Bibi, usimpe! Hiyo ndiyo iliyomuua Chausiku. Mimi ndiye niliyemuua. Chumvi nyingi inatoa maji mwilini. Nilijua tangu Ijumaa. Nilijua, Bibi, sikusema."

Bibi alimtazama kana kwamba haoni vizuri. Kisha akasimama, akamfunga Noeli mgongoni kwa khanga, akasema neno moja tu: "Twende."

Zahanati ilikuwa mwendo wa nusu saa. Walitembea upesi, Flaviana nyuma, chupa mkononi. Kichwa cha Noeli kililegea na kuyumba kwa kila hatua ya Bibi, na Flaviana aliutazama mguu wake mdogo uliotokeza kwenye khanga, akingoja uanze kukimbia hewani. Alimwomba Mungu usikimbie.

Nesi Hamida alimpokea mtoto na kuibana ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili. Ngozi ilibaki imekunjamana. "Ameharisha mara ngapi? Amekunywa nini?"

Bibi alifungua mdomo, maneno ya Kiswahili yakamkimbia. Flaviana akasogea mbele, akaiweka chupa mezani. "Amekunywa hii, nesi. Nusu lita na magao mawili ya chumvi ya mawe. Nilimfundisha Bibi mimi. Ni makosa."

Nesi alidondosha tone kwenye ulimi wake mwenyewe, akakunja uso. "Vijiko vingapi?"

"Sita," alisema Bibi kwa sauti ndogo. "Vikubwa. Viwili alitapika."

Nesi hakumkaripia mtu. Alikoroga pakiti ya ORS kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa, akaanza kumpa Noeli kwa kijiko kidogo, akihesabu dakika kwa saa ya ukutani. Mtoto aling'ang'ania kikombe, naye akakizuia. "Umefanya vizuri kusema, binti," alisema bila kuinua macho. "Kama mngeniambia anaharisha tu, ningemjaza maji haraka. Mwenye chumvi nyingi kwenye damu akijazwa maji haraka, yanaingia kwenye seli za ubongo kwa nguvu, zikavimba. Huyu anataka polepole, na anataka hospitali. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua."

Msafiri, kijana wa bodaboda pale kijijini, aliwapakia Bibi na Noeli, wakaondoka na barua ya nesi kwenda hospitali ya wilaya, Chemba. Pikipiki haikuwa na nafasi ya Flaviana. Alisimama barabarani mpaka vumbi likatua, akarudi nyumbani peke yake kumkamua Madoa. Hapakuwa na mtu wa kukamua naye, hivyo aliisimamisha ile ngozi kwenye jiwe, akaishika kwa mkono mmoja na kukamua kwa mwingine huku analia. Maziwa yale hayakuwa na wa kuyanywa. Alimpelekea jirani.

Siku ya pili Mwalimu Masudi alipita kumjulia hali. Alisikiliza kisa chote akiwa amesimama, kofia mkononi. "Na mimi nina fungu langu," alisema mwishoni. "Nililikata somo katikati, na ulipouliza Ijumaa niliona uso wako, nikakuacha uende. Pole, Flaviana." Flaviana hakuwahi kusikia mwalimu akimwomba radhi mwanafunzi.

Alhamisi adhuhuri pikipiki ilirudi. Noeli alikuwa amekonda, shingo imekuwa nyembamba, lakini alipomwona dada yake alinyoosha mikono na kudai wimbo. Flaviana alijaribu kuimba, sauti ikakatika. Noeli akamsubiri aanze tena.

Bibi alimngoja mtoto asinzie. Kisha aliichukua ile ngozi ya Chausiku, akaiweka mapajani, akamwita Flaviana aketi karibu.

"Siku nne uliishika hii kila asubuhi. Ukajua. Ukaninyamazia."

"Niliogopa, Bibi."

"Uliogopa fimbo?"

"Hapana. Niliogopa hutaniita msomi tena."

Bibi alipapasa manyoya meusi, akitoa chembe za chumvi moja moja. "Nisikilize, mjukuu wangu. Mimi sikusoma. Wewe ukifanya jambo, mimi nalishika kama lilivyo, kwa sababu nakuamini. Chausiku alikufa kwa sababu hukujua, na hilo nilikusamehe njiani, kabla hatujafika zahanati. Asiyejua hufundishwa. Lakini Noeli alitaka kufa kwa sababu ulijua. Umesikia tofauti yake? Chumvi ilikuwa magao mawili tu. Iliyobaki ilikuwa kimya chako."

Flaviana aliinamisha kichwa, machozi yakadondoka kwenye mikono yake.

"Ukikosea tena, na utakosea, niambie siku hiyohiyo. Usiogope jina lako. Mama yako alituachia wawili, wewe na Noeli, na mimi siwezi kumrudia kaburini kumwambia nimebaki na mmoja."

"Nimesikia, Bibi. Nisamehe."

"Nimeshakwambia nimesamehe. Sasa lete chumvi na kijiko kidogo. Nesi alisema pakiti zikikosekana, ni lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Sukari naijua. Hiyo nusu ya chumvi nataka kuiona kwa macho yangu."

Flaviana alisaga chumvi ya mawe mpaka ikawa unga, akachota kijiko kidogo, akakisawazisha kwa kidole, akaigawa katikati. Nusu ile aliimimina kwenye kiganja cha Bibi. Haikutosha hata kuufunika mstari mmoja wa kiganja.

"Ni kidogo hivi?" aliuliza Bibi.

"Ni kidogo hivi, Bibi."

Bibi aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akafumba kiganja, akageuza uso kuelekea zizini, ambako Madoa alikuwa ameanza tena kuita.